Debra Wamucii na Ukurasa wa Mwisho wa Jarida la Ngazi

Baba Mchungaji, wazee wetu, akina mama wa ushirika wa Satellite, majirani, wafanyakazi wenzake, wanafunzi mliotoka mjini, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu leo Alhamisi, tarehe 19 Novemba 2009, mkaja kukaa nasi, familia ya Mzee Ndegwa na familia ya Bwana Musembi zimeomba msomewe maisha ya binti yetu kwa kifupi, ingawa yeye mwenyewe alizoea kusema kwamba maisha ya mtu hayana kifupi, yana mahali pa kukatia tu.

Debra Wamucii Ndegwa alizaliwa tarehe 9 Mei 1979 hapa Satellite, Riruta, katika nyumba ya mabati iliyosimama pale ambapo leo pana hema, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ndegwa, aliyekuwa karani wa serikali mjini, na Mama Nyokabi, ambaye wengi wenu mmewahi kununua koti kwake katika soko la Kangemi. Alitanguliwa na Kinyanjui, ambaye ndiye anayewasomea haya, akafuatwa na Jackie, na kwa kuwa alikuwa binti wa kwanza alipewa jina la mama mzazi wa baba yake, kama ilivyo desturi yetu. Kwa sababu hiyo Mzee Ndegwa hakuwahi kumwita Debra hata siku moja, alimwita Mama, na majirani wa zamani watakumbuka walivyocheka waliposikia mwanamume mzima akipaza sauti uani, "Mama, mbona vyombo bado viko kwa karai?" na msichana wa miaka minane akijibu kutoka ndani, "Nakuja, mwanangu!"

Alianza darasa la kwanza mwaka 1986 katika shule ya msingi hapa Riruta, akafanya mtihani wa darasa la nane Novemba 1993, akajiunga na shule ya bweni ya wasichana kule Limuru mwezi Februari 1994, na akamaliza kidato cha nne mwishoni mwa mwaka 1997. Walimu wake hawakumtaja kuwa mwanafunzi wa ajabu, hesabu zilimsumbua na michezo aliikwepa, ila mwalimu wa Kiswahili alimwambia baba yake siku ya wazazi kwamba insha za binti huyu zina kasoro moja tu, zinakwisha msomaji akiwa bado anataka, na Mzee, aliyeyachukua maneno hayo kuwa malalamiko, alimuuliza njia nzima ya kurudi nyumbani kwa nini hamalizi kazi anazopewa.

Katika miezi ile ya kungoja nafasi ya chuo kikuu, kuanzia Januari 1998 hadi Septemba 1999, alimsaidia mama yake kuuza makoti ya mitumba pale Kangemi, na sisi nyumbani tuliuona wakati huo kuwa wa kupoteza, lakini ukitazama nyuma pengine ndio uliokuwa shule yake kubwa kuliko zote. Mama Nyokabi ana namna yake ya kuuza, haliachi koti likining'inia, hulivaa mwenyewe na kutembea nalo hatua chache mbele ya mteja ili mteja aone linavyokaa mtu akiwa katika mwendo, na Debra alikaa juu ya marobota akiwatazama wanaonunua na wasionunua. Mara moja alimnong'oneza mama yake, "Mami, huyu hana haja ya koti, amekuja kupiga stori tu," naye mama akamjibu bila kugeuka, "Basi mwache apige, nani mwingine anamsikiliza?" Jioni Debra angetusimulia watu wale mmoja mmoja, jinsi walivyoshika kola, walichosema kuhusu wake zao, na hata Mzee Ndegwa aliacha gazeti.

Mwezi Oktoba 1999 aliingia chuo kikuu hapa Nairobi kusomea ualimu wa Kiswahili na fasihi, na mwaka uliofuata, mwezi Februari, yeye na wanafunzi wenzake wachache walianzisha jarida la hadithi na mashairi. Kwa kuwa walinyimwa chumba cha kukutania, walikutana kwenye ngazi za maktaba, watu wakiwaruka kwenda na kurudi, na jarida wakaliita Ngazi. Mhariri alikuwa Aqil, kijana wa Mombasa ambaye yuko nasi hapa leo, Kalekye alipiga taipu, na Debra, kwa kuwa njia yake ya nyumbani ilipitia katikati ya jiji, alipewa kazi ya kupeleka kurasa kwa mchapaji na kusimamia mpaka jarida litoke.

Mchapaji huyo alikuwa Mzee Jabir, ambaye duka lake lilikuwa kwenye ghorofa ya chini ya jengo moja karibu na River Road, na hapa inafaa kueleza kidogo kazi yenyewe, maana bila hiyo maisha ya Debra hayaeleweki. Jarida dogo la kupiga pini katikati hutengenezwa kwa karatasi zilizokunjwa, kila karatasi moja hutoa kurasa nne, kwa hiyo kurasa za jarida lazima ziwe ishirini, au ishirini na nne, au ishirini na nane, hazikubali kuwa ishirini na tatu. Wanafunzi wale walihesabu mashairi yao kwa mapenzi, si kwa nne nne, na toleo la kwanza lilipofika mashineni mwezi Mei 2000 ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu. Debra alisema si neno, uachwe hivyo hivyo, lakini Mzee Jabir akamwambia, "La, mwanangu, mimi karatasi nyeupe siitoi. Mtu atafungua aone hakuna kitu, atasema Jabir kalewa, na Jabir hanywi. Kaa hapo kwenye benchi, andika chochote, mashine inakungoja."

Akakaa kwenye benchi, mashine ikinguruma, makarani wakigombania chai, mteja mmoja akilalamika kwamba kadi zake za harusi zimeandikwa tarehe ya jana, na akaandika kisa cha ukurasa mmoja juu ya mama muuza makoti anayeyavaa yote mchana kutwa na jioni kurudi nyumbani akiwa hana hata moja linalomtosha. Hakutia jina, si kwa unyenyekevu, bali kwa sababu karatasi yenye orodha ya waandishi ilikuwa imekwisha kuchapwa na hapakuwa na mahali pa kuliweka.

Toleo la pili lilibaki na ukurasa, na la tatu vilevile, na baada ya hapo sijui kama wenzake walihesabu vibaya au walihesabu vizuri sana, lakini kila toleo lilifika kwa Mzee Jabir likiwa na pengo nyuma, na kila mara Debra alikaa kwenye lile benchi akaliziba. Aliandika juu ya kinyozi wa Satellite aliyenyoa familia nzima siku moja, kuanzia babu hadi mtoto mchanga, bila mtu kusema neno, na kuondoka bila kuuliza nani amefariki. Aliandika juu ya fundi wa miavuli aliyekaa nje ya posta mwaka wa ukame, asiwe na mwavuli wa kushona, akawa anawasalimia wateja wake wa zamani kwa kuuliza, "Na yule mwavuli wako mweusi, hajambo? Mkono wake ulipona?" Visa hivyo havikuzidi ukurasa, maana ukurasa ndio uliokuwepo.

Sasa, wanafunzi wana tabia zao, na haikuchukua muda wakaanza kulisoma jarida la Ngazi kuanzia nyuma. Kwenye foleni ya chakula ungesikia, "Umesoma ya nyuma?" na mwingine akijibu, "Hiyo ndiyo nilisoma, hizo zingine nitaangalia nikipata time," na mabishano yakazuka mwandishi ni nani, wengine wakisema ni mhadhiri anayejificha, wengine wakasema ni mzee fulani wa mjini anayelipwa. Aqil, ambaye mashairi yake yalikaa ukurasa wa tatu, alimwambia waziwazi mbele ya Kalekye, "Debra, tukubaliane, ya nyuma ndiyo jarida, sisi wengine huku mbele tunajaza karatasi. Toleo lijalo tunaweka jina lako." Akakataa. Alisema, "Hivyo ni viraka, Aqil. Mtu huweki jina kwa kiraka. Ngoja niandike kitu chenyewe kwanza."

Kitu chenyewe, kwake, kilikuwa kitabu kizima, riwaya juu ya nyanya yake Wamucii na miaka ya hali ya hatari, wakati wa wakoloni, alipokuwa amefungiwa kijijini pamoja na wanawake wenzake, na alikitamani kitabu hicho kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, Kalekye anaweza kushuhudia. Katikati ya mwaka 2001 mgeni mmoja alikuja chuoni kuzungumza na wanafunzi wanaopenda kuandika, akawaambia kwamba uandishi wa kweli huja kwa aliyejitenga, kwamba ni lazima kujitoa katika kelele za dunia na kuketi kimya mpaka neno likujie. Kwa mtu wa hali yake huenda ushauri huo ulikuwa wa kweli, wapo waandishi wakubwa walioishi hivyo, na hatuna sababu ya kumlaumu, lakini maneno yake yalimkaa Debra moyoni kama amri, na tangu siku ile alipoulizwa kama yeye ni mwandishi alijibu, "Hapana, mimi bado nangoja."

Alihitimu tarehe 5 Desemba 2003, akiwa ameziba ukurasa wa mwisho wa matoleo saba. Mwezi Januari 2004 alianza kufundisha katika shule moja ya sekondari pale Kangemi, ambako wanafunzi wake walimwita Madam Stori, na mwezi Agosti mwaka huohuo akaajiriwa na kampuni ya vitabu kule Westlands, kazi yake ikiwa kusoma vitabu vya shule kabla havijachapwa na kuondoa makosa. Wafanyakazi wenzake, mliofika na basi zima, mmetuambia kwamba saa ya chai mlikuwa mnabeba vikombe kwenda kwenye meza yake, na kwamba siku asipokuwepo chai ilinywewa haraka.

Kazini huko Westlands ndiko alikokutana na Bwana Musembi, mwenyeji wa Kathiani, Machakos, mhasibu wa benki moja ya Upper Hill, aliyekuja kwa shughuli za hesabu za kampuni na kukuta watu wamezunguka meza ya mtu mmoja wakicheka, akadhani kuna sherehe. Wazee wa pande zote mbili walikutana hapa nyumbani tarehe 16 Aprili 2005, na ndoa ikafungwa katika kanisa letu tarehe 10 Desemba 2005, wakapanga nyumba hatua chache kutoka kwa wazazi. Mungu akawajalia binti tarehe 3 Oktoba 2006, naye akapewa jina la mama mzazi wa Musembi, Kasyoka, kwa hiyo Debra akawa Mama Kasyoka, na Mzee Ndegwa alilazimika kueleza mara nyingi kwamba Mama yake amezaa mama wa mkwewe.

Tarehe 31 Machi 2007 aliacha kazi ili aandike kitabu. Uamuzi huo haukuwa wa ghafla wala wa kijinga, walikuwa wameuzungumza na mume wake kwa mwaka mzima, na Bwana Musembi, ambaye hajawahi kumnyima mkewe kitu kilichokuwa katika uwezo wake, alisema, "Mimi nitashika mambo ya nyumba, wewe shika hiyo kalamu, na mtu asikuulize imefika wapi." Akamtengenezea chumba cha nyuma, akapaka kuta rangi nyeupe, akatia pazia zito upande wa barabara. Kila mtu alitoa alichoweza kutoa. Jirani wa upande wa kushoto alihamishia redio yake chumba kingine, Jackie alizoea kumchukua mtoto asubuhi na kumpeleka Kangemi kwa nyanya yake, na Mama Nyokabi, ambaye tangu zamani alikuwa akipita jioni na habari za sokoni, aliacha kuingia, angesimama mlangoni na kuuliza kwa sauti ya chini, "Bado anaandika?" kisha angeweka mboga kwenye ngazi na kwenda zake.

Tulifanya hivyo kwa upendo, na ni vigumu hata leo kuona mahali ambapo mtu mmoja angeweza kusema, hapa nimekosea. Yeye ndiye aliyeomba ukimya, sisi tukaukusanya kutoka pande zote tukampa, na ukimya ule ukawa mkubwa kuliko alivyoweza kuujaza. Alikaa katika chumba kile kuanzia asubuhi hadi jioni, akaandika ukurasa wa kwanza, akaufuta, akauandika tena kwa kuanzia mahali pengine. Alipotoka jioni hakuwa na la kusimulia, maana hakuwa ameona mtu, na sisi, tuliozoea kula tukimsikiliza, tukajifunza kula tukitazama televisheni. Bwana Musembi alimwambia mara moja, kwa woga, "Si uende basi kidogo kwa mami sokoni, unyooshe miguu?" naye akajibu, "Nikienda sokoni nitarudi na kiraka."

Ghasia za Januari 2008, baada ya uchaguzi, zilipofika Kangemi na Kawangware, aliufungua mlango wa chumba kile na familia mbili zikalala humo kwa majuma kadhaa, na Jackie anakumbuka kwamba katika siku hizo za hofu Debra alirudi kuwa yule wa zamani, akiwapikia watu na kuwafanya watoto wacheke, na jioni akiwasimulia wageni wale habari zao wenyewe kama alivyozisikia mchana, mpaka wakazicheka. Wageni walipoondoka alikifagia chumba, akarudisha meza, akafunga mlango tena.

Mwezi Agosti 2008 alijiwa na wageni wengine. Jarida la Ngazi lilikuwa bado linaishi, limeshikwa na wanafunzi wapya, na mhariri wake, binti aitwaye Afnan, alikuwa amepewa na Mzee Jabir matoleo ya zamani, akamdadisi mpaka akajua nani aliyekuwa akikaa kwenye benchi. Afnan na wenzake walikunywa chai sebuleni, wakamwomba ruhusa ya kuvikusanya vile visa saba katika kijitabu kimoja chenye jina lake, na Afnan akamwambia, "Anti Debra, mimi niliingia Ngazi kwa sababu ya yule fundi wa miavuli. Nilikuwa nadhani mtu akitaka kuandika lazima aanze na mambo makubwa, wacha nikwambie ukweli, nilikuwa nimekwama. Nikasoma ile, nikatoka nje nikaanza kuangalia watu." Debra akasema, kwa upole, kwamba anawashukuru sana lakini wasubiri, kitabu kikitoka ndipo waviweke viraka hivyo nyuma, kama patakuwa na nafasi. Baada ya kuwasindikiza alimwambia mume wake, "Hawa watoto wanataka kunizika na viraka." Bwana Musembi alitaka kumbishia, hakumbishia, na ametuomba tuliseme hili hadharani, si kwa kujilaumu, bali ili mtu mwingine aliye na mwenzake wa namna hiyo asingoje.

Mwezi Februari 2009 alianza kuvimba miguu na kuchoka kupita kiasi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kukaa kitini sote tulidhani ni kiti. Tarehe 20 Aprili 2009 madaktari waligundua kwamba figo zake zote mbili zimeharibika, akaanza kwenda kusafishwa damu mara mbili kwa juma katika hospitali kuu kule karibu na Upper Hill, mume wake akivuka barabara kutoka kazini kuja kukaa naye. Jackie alijitolea kumpa figo yake, vipimo vikafanywa, majibu yakawa mazuri, na matayarisho ya upasuaji yalikuwa yakiendelea alipopata homa kali na kulazwa tarehe 26 Oktoba 2009.

Katika wodi ile hapakuwa na ukimya wa aina yoyote. Vitanda vilikaribiana, wagonjwa waliitana kwa majina ya watoto wao, wauguzi waliimba wakitandika, wageni walileta uji na habari za mitaani, na katika kelele hizo Debra akaanza kusimulia tena. Bwana Musembi alipokuja jioni alimkuta na jambo la kumwambia, juu ya mama mmoja aliyekuwa akimficha mumewe kwamba amepona ili akae siku moja zaidi na marafiki aliowapata wodini, au juu ya mfagiaji aliyewajua wagonjwa kwa viatu vyao vilivyo chini ya kitanda. Akaomba aletewe karatasi, akaletewa, lakini mikono ilikuwa imevimba na kalamu haikukaa, na Kalekye, aliyejitolea kuandika yeye akisema tu, alifika siku mbili ambazo homa ilikuwa juu mno. Hili ndilo linalotuuma kuliko yote, kwamba neno alilolingoja katika chumba cheupe lilimjia mahali ambapo hakuwa tena na nguvu ya kulishika.

Jumamosi, tarehe 7 Novemba, Afnan alikwenda kumtazama, na kwa kuwa hakujua la kumwambia mgonjwa, akatoa mkobani toleo la zamani la Ngazi na kuanza kumsomea ukurasa wa nyuma, ule wa fundi wa miavuli. Alisoma kwa sauti ya chini, lakini wodi haina sauti ya chini, na Mama Peres wa Kawangware, aliyekuwa kitanda cha pili, akamkatiza, "Wee msichana, soma na sisi tusikie, hatuna redio hapa." Akaanza upya. Alipofika mahali pa kumuulizia mwavuli mweusi hali yake, wanawake walicheka mpaka mmoja akashika mshono wake wa upasuaji na kulia, "Mtaniua!" na mwingine akaapa kwamba fundi huyo anamjua, alimshonea mwavuli mwaka wa mvua kubwa. Kisha Mama Peres akauliza, "Na ni nani aliandika hiyo? Huyo mtu ameishi hii Nairobi." Afnan alimtazama Debra, maana hakuwa amepewa ruhusa ya kumtaja.

Debra akasema, "Ni mimi."

Mama Peres akamgeukia, "Mama Kasyoka! Tumelala na mwandishi hapa siku zote hizi na umenyamaza tu, unatusikiliza!" na wodi nzima ikacheka tena, na kila mmoja akaanza kumwambia cha kuandika, huyu ana mkwe, yule ana kesi ya shamba, mpaka muuguzi akaja kuwatuliza. Bwana Musembi alipofika jioni, Debra alimwambia, "Baba Kasyoka, nimesoma kile kisa cha fundi kwa masikio ya watu. Si kiraka. Kumbe nilikuwa nimeshaanza zamani." Akamwomba amwambie Afnan avikusanye vyote, aweke na jina, na vipya ataviandika mwenyewe mikono ikipona.

Mikono haikupona. Debra Wamucii aliaga dunia Alhamisi, tarehe 12 Novemba 2009, asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini, mume wake na mama yake wakiwa kando yake. Ameacha mume, Bwana Musembi, na binti mmoja, Kasyoka, mwenye miaka mitatu, wazazi wake, kaka na dada, na baada ya ibada hii tutampumzisha katika makaburi ya Lang'ata, kama wazee wa Kathiani walivyokubali kwa ukarimu, ili binti yake asiwe mbali naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile na wa chumba cha kusafishia damu, walioongea naye kama mtu na si kama ugonjwa, wagonjwa wenzake, hasa Mama Peres, aliyetuma mwanawe kutuwasilishia pole, majirani wa Satellite waliotubeba wiki hii kwa chakula na kwa kukaa nasi, wenzake wa kampuni ya vitabu, wafanyabiashara wa soko la Kangemi waliofunga vibanda vyao leo, Mzee Jabir, ambaye afya haikumruhusu kufika, na wanafunzi wa Ngazi wa zamani na wa sasa. Afnan ameomba tutangaze kwamba ana visa sita kati ya saba, toleo la Novemba 2001 halijapatikana popote, hata Mzee Jabir hana, na aliye nalo nyumbani, katika sanduku au chini ya godoro la mtoto aliyesoma zamani, tunamsihi amtafute Afnan. Wala hatujui kisa hicho kilihusu nini, Debra mwenyewe alipoulizwa wodini alisema amekisahau, ila alikuwa akicheka alipokiandika.

Kwa wale vijana mliokaa kule nyuma na mnaotaka kuandika, hatuna mafundisho ya kuwapa siku ya leo, kila mtu hupata neno lake kwa njia yake, na pengine mmoja wenu atalipata katika chumba cheupe ambacho dada yetu hakulipata. Tunachoweza kusema ni kwamba alikuwa nalo, kwa miaka mingi alikuwa nalo, na alilijua kwa siku tano.

Binti wa Ndegwa na Nyokabi, mke wa Musembi, mama wa Kasyoka, mwandishi: pumzika, Wamucii, kwa amani ya Mungu.